Fundi wa Chini ya Mkwaju

Mwaka 1995 nilikuwa nasoma shule ya bweni Tabora. Likizo ya Juni ikiisha, ilibidi niwe stesheni ya Shinyanga kabla treni ya kutoka Mwanza haijapita usiku. Kwetu ni upande wa Kishapu, ambao enzi hizo ulikuwa bado ndani ya wilaya ya Shinyanga Vijijini. Basi la kutegemea halikuwepo. Kulikuwa na baiskeli, na ya nyumbani kwetu ilikuwa Phoenix nyeusi ya mjomba, aliyoinunua kwa fedha za pamba.

Mjomba alikuwa mtu wa miraba minne. Alifunga sanduku langu la bati kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, juu yake akabana mfuko wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga alionifungia mama, mimi akanipakia mbele kwenye bomba la fremu. Tukaondoka jua likichomoza. Mzigo wote huo ulilala juu ya tairi la nyuma, na tairi lenyewe lilikuwa limeshaanza kuonyesha nyuzi ubavuni.

Asiyeijua Usukuma anaweza kushangaa jinsi pancha zilivyokuwa sehemu ya safari. Miaka ya ukoloni vichaka vya Shinyanga vilifyekwa sana ili kuwaondoa mbung'o, na baada ya hapo mashamba ya pamba na mifugo vikamalizia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tuliujua kwa jina la HASHI, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili, yale malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Miti ikarudi. Ni kazi ninayoiheshimu mpaka leo, kwa sababu nimeiona nchi ile ikiwa kipara na nimeiona ikivaa tena kijani. Lakini mti unaorudi upesi kwenye ardhi ile ni mgunga, na mgunga una miiba mirefu, migumu, inayopenya hata kandambili. Chini yake, kando ya njia, kuna mbigili. Kila mwendesha baiskeli alitembea na pampu, na tyubu isiyo na viraka ilikuwa ya baiskeli mpya tu.

Asubuhi ile tulishuka mara kwa mara kujaza upepo. Upepo ulikuwa unapungua polepole, mjomba anapampu, tunakwenda, unapungua tena. Tulipokuwa tunakaribia Kolandoto, kwenye mteremko wa mawe unaoingia korongo kavu, tukasikia mlio paa! kama wa gobole. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, tyubu ikachungulia nje na kupasuka. Mjomba alilitazama, hakusema neno. Tukasukuma baiskeli juani, yeye ameshika usukani, mimi nimezuia sanduku kwa nyuma.

Kabla ya barabara kuu kulikuwa na mkwaju mkubwa, na chini yake mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Matairi machakavu yalitundikwa kwenye tawi, na hilo ndilo lilikuwa bango lake.

"Mwadila, mzee," mjomba akamwamkia.

"Mwadila. Limewachosha hilo."

Nikatoa shikamoo yangu, akaitikia huku tayari ameinama. Aliifungua mipira ya sanduku mwenyewe, akaipindua baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani. Hakulitoa gurudumu. Alitumia mipini miwili ya vijiko vya chai iliyosuguliwa ikawa laini, akabanua ukingo wa tairi na kuvuta tyubu yote nje.

Mjomba alitaka mpasuko uzibwe haraka twende. Mzee akakataa. "Nikiziba sasa hivi, mtanirudia kabla hamjafika Shinyanga. Aliyewatoboa tangu asubuhi bado yumo humu ndani."

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuacha kulisimulia. Alichomoa pamba kutoka mfukoni, pamba ya shambani ambayo haijachambuliwa mbegu vizuri, akaifinyanga kidogo na kuipitisha taratibu ndani ya tairi, akilizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Pamba ikanasa. Akasimama hapo, akabana kwa koleo, akatoa ncha ya mwiba wa mgunga nyembamba kuliko sindano. Akaendelea. Ikanasa tena, safari hii mbigili, zimevunjikia ndani ya mpira na kwa nje hazionekani kabisa. Alinipa niishike ile pamba nijaribu mwenyewe. Kidole changu kilipita mahali palepale bila kuhisi chochote, pamba ikanasa. Nywele za pamba hushika kitu ambacho ngozi haikioni.

Kwa matundu madogo ya tyubu nilitegemea beseni la maji. Beseni lilikuwepo, limekauka. Huo ulikuwa Julai, miaka mingi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa Shinyanga kwa bomba, na ndoo ya maji ilikuwa ya kunywa. Mzee alijaza upepo kidogo, akazuia ule mpasuko mkubwa kwa kuukunja na kuubana katikati ya magoti, akaulamba mdomo wake wa chini na kuipitisha tyubu karibu na mdomo, pole pole, pande zote. Penye tundu upepo uliupiga mdomo uliolowa na akausikia. Akachora msalaba kwa kipande cha mkaa.

Mpasuko wenyewe ulikuwa kama urefu wa kiungo cha kidole. Kabla ya kuuziba alikata ncha zake mbili kwa mkasi zikawa mviringo, akaniambia, "Mjukuu, ukiacha ncha kali, mpira utaendelea kuchanika chini ya kiraka." Msasa wake ulikuwa bati la mkebe lililotobolewa kwa msumari. Akakwangua, akapaka gundi, kisha akaiweka tyubu begani na kuanza kuzungumza habari za bei ya pamba. Mjomba alitazama jua mara mbili tatu. Mzee aliigusa gundi kwa ukucha, ikanata, akaendelea na bei ya pamba. Ilipoacha kunata ndipo alipobandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo juu ya jiwe, akakinyunyizia jivu.

Kazi kubwa ilikuwa tairi. Alikata kipande kutoka kwenye moja la matairi yaliyotundikwa, akachonga kingo zake kwa kisu mpaka zikawa nyembamba, akakilaza ndani penye mchaniko. Akachukua shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni, akashona. Kila fundo aliliacha upande wa nje. Fundo likikaa ndani litaisugua tyubu siku nzima. Juu ya mshono, kwa ndani, akatandika kipande cha tyubu kuukuu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na mishono ilitoka imenyooka.

Mwisho aliangalia valvu. Phoenix zilikuwa na valvu ya zamani yenye kijimpira chembamba kinachovikwa kwenye kijisumari chake, ambayo kwenye vitabu inaitwa kwa jina la Dunlop, yule daktari wa mifugo wa Kiskoti aliyelifanya tairi la upepo lishike njia mwaka 1888 akiwa Belfast. Mzee alivika kijimpira kipya, akajaza upepo, akaweka mate juu ya valvu. Hayakutoa povu.

Mjomba akauliza ni kiasi gani. Mzee alitaja bei ya viraka tu.

"Na mshono?"

"Mshono sijui kama utafika na sanduku hili. Ukirudi salama, utanilipa."

Mjomba alijaribu kumpa hela mkononi, akaikataa. Akapokea matobolwa, akaanza kuyatafuna hapo hapo huku akitusaidia kufunga sanduku.

Tulifika stesheni jua linazama, tumeketi muda mrefu kabla treni haijaja. Mjomba alilala jukwaani, kichwa kwenye sanduku langu, na mimi nilikwenda kuutazama ule mshono kwa mwanga wa taa. Ulikuwa umejaa vumbi, uzi haujalegea.

Muhula ule alinitumia barua. Aliandika kwamba kesho yake alipita kwa mzee, akamlipa mshono na kumwongezea debe nusu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, baadaye. Tairi lilimaliza msimu wote wa kusomba pamba kwenda kuuza. Lilipokuja kufa, lilikatika upande mwingine.