Moja mara mbili ni mbili: nilivyoacha kuwauliza wagonjwa kama wameelewa

Kwa miaka tisa ya kazi yangu ya uuguzi nilimaliza kila maelezo kwa swali lile lile, "Umeelewa, bibi?", na kila bibi alinijibu kwamba ameelewa, nami nikaridhika, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jibu lilikuwa tamu. Nayaandika haya nikiwa na aibu kidogo, na kinyongo kidogo kwa walionifundisha kwamba elimu ya afya ni kusimama mbele ya mabenchi saa mbili asubuhi na kuwasomea watu bango.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo niliyepangiwa kazi katika kituo kimoja cha afya wilayani Rungwe, na Kinyakyusa changu hakivuki salamu. Nikisema "ugonile" wazee hucheka kwanza ndipo waitikie. Siku moja, kwenye kliniki ya kisukari na presha, alikuja bibi mmoja anayetumia metformini, dawa ya kisukari, akilalamika kwamba dawa yetu inamwendesha tumbo. Nilipomwuliza anaimeza vipi, alifungua pindo la kanga, akatoa kibahasha chenye mwandiko wangu mwenyewe, "1 x 2", akanieleza kwamba mjukuu wake wa darasa la tatu ndiye aliyemsomea: moja mara mbili ni mbili. Basi alikuwa akimeza vidonge viwili kwa mpigo kila alfajiri, tena kabla ya kutia kitu tumboni, ilhali dawa ile humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo. Na usiku hakumeza chochote. Mtoto hakukosea hesabu. Mimi ndiye niliyemwandikia mgonjwa swali la kuzidisha nikidhani nimempa maelekezo ya kumeza kidonge kimoja mara mbili kwa siku.

Nililipeleka jambo hilo kwa mwezeshaji wa semina moja, naye akanishauri bila kufikiri sana kwamba nichore picha. Nilinunua kalamu za rangi kwa fedha yangu, elfu tatu au nne hivi, nikawa nabaki jioni nikichora jua la njano kwa dawa ya asubuhi na mwezi wa buluu kwa dawa ya usiku. Yalikuwa majua mazuri, yenye miale, na mengine niliyatia macho na tabasamu. Nilitembea kwenye korido kama mtu aliyegundua chanjo. Ilikuwa mwezi wa Juni, na anayeijua Juni ya Tukuyu, mji wa huku Rungwe, ameshaanza kucheka.

Mzee mmoja, ambaye presha yake ilikuwa imefika 180 kwa 100 na niliyemtaka arudi baada ya wiki moja, alirudi na kibahasha kikiwa karibu kama nilivyompa. Nilimwamkia, nikamwuliza kulikoni. Akaniwekea kidole juu ya lile jua lenye tabasamu, akasema kwa upole, "Sista, uliniambia nimeze likitoka. Kule kwetu halijatoka tangu Jumapili." Ni kweli ukungu ulikuwa umetufunika siku nne mfululizo. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania; uso wake haukusema lolote, ila mashine ya presha haikuwa na utani hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoacha kuchora na kuanza kuuliza. Nilimwuliza ni jambo gani hakosi kulifanya kila siku, hata mvua inyeshe namna gani, akajibu bila kusita kwamba ni kukamua ng'ombe. Basi dawa yake, ambayo ni kidonge kimoja kwa siku, tukaifunga kwenye ratiba ya ng'ombe. Yule bibi tulimpangia chai ya asubuhi na chakula cha usiku, kidonge kimoja kimoja, na kibahasha chake nikakiandika kwa maneno matupu ili mjukuu asipate cha kuzidisha.

Mzee alikuwa na swali jingine, na nadhani ndilo lililokuwa kiini cha yote: kwa nini ameze dawa kila siku wakati haumwi popote? Nilikumbuka kwamba kijijini kwao wanatumia maji ya mserereko yanayoshuka kutoka mlimani, nikamwuliza ni mabomba ya wapi hupasuka zaidi. Akasema ya bondeni, kwa sababu huko maji hushuka na nguvu nyingi. Nikamwuliza kama bomba hupiga kelele kabla ya kupasuka. Alinyamaza kitambo, kisha akanieleza yeye, si mimi, jinsi mishipa ya kichwani inavyoweza kupasuka kwa mtu ambaye jana yake alikuwa shambani akichuma chai.

Tangu siku hiyo simwulizi mtu kama ameelewa. Namwambia, "Bibi, mimi huwa naeleza haraka na hiki Kiswahili changu cha Kihehe, ukifika nyumbani binti yako akakuuliza sista amesemaje, utamjibu nini?" Lawama nikiibeba mwenyewe mapema, mgonjwa haoni kama anapewa mtihani. Mara nyingi jibu la kwanza huwa na kasoro, ndipo narudia ile sehemu tu iliyopotea. Wenzangu walidai kwamba mtindo huu utaturefushia foleni. Ni kweli huchukua dakika mbili tatu zaidi, lakini zile nilizokuwa nikizimaliza kubishana na watu waliorudi na vibahasha vilivyojaa hakuna aliyewahi kunihesabia.

Mwezi uliopita tulipokea muuguzi mpya, kijana mchangamfu kutoka Dodoma, nami nikamkuta jioni amejiinamia mezani na kalamu ya njano. Sikumkataza. Nilimwita yule mzee, aliyekuja kuchukua dawa zake, nikamwomba amweleze kijana habari za jua la Rungwe.