Fumbo langu la wauza vitafunio lilivyotoka na majibu mawili

Mimi ni mtu wa chemsha bongo tangu zamani, nikishika gazeti naanza na sudoku (lile fumbo la kujaza namba 1 mpaka 9, isijirudie namba kwenye mstari, safu wala boksi la visanduku tisa) ndo nirudi kwenye habari, ila kutunga ya kwangu sikuwahi kufikiria mpaka siku za mgao wa umeme, jioni simu imezima, mezani kuna penseli na daftari la mtoto, nikasema ngoja nijaribu.

Nikaanza na sudoku nikijua ni rahisi, si unajaza visanduku vyote 81 halafu unafuta namba moja moja, ukifuta nyingi inakuwa ngumu? Nikafuta mpaka zikabaki 15, najiona fundi. Baadae ndo nasoma kwamba mwaka 2012 timu ya mwanahisabati Gary McGuire kule Dublin ilithibitisha kwa kompyuta kuwa ukiwa na namba chini ya 17 hakuna sudoku yenye jibu moja. Kwahiyo yangu haikuwa ngumu, ilikuwa mbovu tu, maana fumbo zuri linatakiwa liwe na jibu moja. Na hata ukibakiza 30 bado unaweza kuharibu, mfano 3 na 7 zimekaa kwenye kona nne za mstatili ndani ya maboksi mawili, ukizifuta zote nne mtu anazibadilishana nafasi na kila kitu kinakubali.

Nikahamia mafumbo ya maneno, yale ya nani kakaa wapi na anauza nini. La kwanza nililolitupa kwenye grupu la familia lilikuwa hivi: Zuhura, Rehema, Halima na Mwanaidi wamepanga meza nne kwenye mstari, mmoja anauza chapati, mwingine vitumbua, mwingine mihogo, mwingine maandazi. Zuhura yuko mara tu baada ya muuza chapati, upande wa kulia. Halima anauza mihogo. Mwanaidi ni wa mwisho kulia. Muuza vitumbua hayuko pembeni. Taja kila mtu alipo na anachouza.

Jibu langu toka kushoto: Rehema chapati, Zuhura vitumbua, Halima mihogo, Mwanaidi maandazi. Nililihakiki mara tatu, kila kidokezo kinakubali, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi baba mdogo kaandika: "Mwanangu, mbona mimi Halima nimemuweka wa kwanza?" Nikamjibu shikamoo ba'mdogo, hapo utakuwa umekosea, rudia vidokezo. Akarudia, akanipangia Halima, Rehema, Zuhura, Mwanaidi. Nikakagua kimoja kimoja nikitafuta kosa lake, sikuliona, manake halikuwepo. Rehema na Zuhura wanatembea pamoja kama behewa na kichwa, unaweza ukawasogeza meza moja na hakuna kidokezo kinacholalamika. Aibu niliyoipata, na grupu zima linasoma.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nahakiki jibu badala ya kuhakiki fumbo. Jibu nalijua, kwahiyo kila nikisoma kidokezo jicho linakimbilia pale pale. Watu wanne na vyakula vinne kwenye meza nne inatoa mipangilio 576, na kazi ya mtungaji ni kuiua 575, sio kuangalia kama ule mmoja uko hai.

Kurekebisha nako kulinisumbua. Nikaongeza "Halima ni wa tatu", fumbo likawa na jibu moja tu ila limekuwa la watoto, unalimaliza umesimama. Nikalifuta, nikaja na "muuza mihogo na muuza maandazi wako jirani", hiki ndo nilikipenda, hakimtaji mtu wala meza lakini kinamfukuza Halima pale mwanzo. Tangu hapo nina utaratibu, nikimaliza nafuta kidokezo kimoja nalitatua upya kwenye karatasi safi, kama bado linatoa jibu lile lile basi hicho kidokezo hakina kazi, kinatoka. Fumbo moja lilikuwa na vidokezo tisa likabaki na vitano, aisee.

Kingine ambacho sikutegemea ni lugha yenyewe. Kulia kwa nani, kwa mteja au kwa muuzaji anayekutazama? Ukisema fulani yuko kati ya Rehema na Halima, mmoja anaelewa wamegusana, mwingine anaelewa popote katikati. Saa ndo usiseme, niliandika "saa 2" kwenye fumbo la mabasi, binamu yangu aliyekulia nje akaisoma kama inavyoonyesha simu na hesabu zake zote zikalala. Siku hizi naandika saa mbili asubuhi kwa maneno, na kushoto na kulia nachora kabisa. Raha ya Kiswahili ni kwamba "yeye" haimtaji mwanamke wala mwanaume, kwahiyo naweza kuficha mtu bila kujikunja.

Sasa niko kwenye la watu watano, meza tano na vyakula vitano, hapo mipangilio ni 14,400 na daftari la mtoto limeisha nimenunua lingine. Wiki ya pili hii, nikibana huku panalegea kule. Ba'mdogo kaanza kuuliza, mbona kimya?