Jina la Dada

Kwa miezi minane sasa, kila usiku watoto wakishalala, nimekuwa nikiandika riwaya ya taharuki ambayo ndani yake hamna bastola, hamna maiti, wala hamna mtu anayekimbizwa katika vichochoro vya Kisenyi. Mhusika wake mkuu ni mwanamke aliyechaguliwa kuwa mbunge, mwenye bidii na akili kuliko wengi wa wenzake, ambaye cheti chake cha kidato cha sita ni cha dada yake. Aliyefanya mtihani ni dada. Yeye mwenyewe alikosa karo baada ya kidato cha nne, akaichukua karatasi ile pamoja na jina lililoandikwa juu yake, akaja nayo Kampala, na hajairudisha hadi leo.

Niliichagua siri hii kwa sababu katika nchi yetu inaweza kumwangusha mtu. Ibara ya 80 ya Katiba ya 1995 inamtaka mbunge awe amemaliza angalau kidato cha sita au elimu inayolingana nayo, na matokeo yakishachapishwa katika Gazeti la Serikali, anayeyapinga ana siku 30 za kufungua kesi katika Mahakama Kuu. Yeyote anayefuatilia siasa za Uganda amewahi kusikia kesi ambamo majina ya kwenye cheti yalitofautiana na yale ya kwenye karatasi za uteuzi, mawakili wakabishana juu ya jina moja lililoongezwa au kuachwa. Riwaya yangu inaanza siku ya kwanza kati ya hizo 30 na kuishia siku ya mwisho, ili msomaji awe anazihesabu pamoja na mama huyu.

Rasimu ya kwanza ilinishinda. Nilimweka mtu asiyejulikana anayempigia simu usiku, akimdai fedha ili asiifichue siri, na kadiri simu zilivyoongezeka ndivyo hofu ilivyopungua. Kisha nikasoma juu ya utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na mwanasaikolojia Michael Slepian pamoja na wenzake, ambao waligundua kwamba mwenye siri huiwaza akiwa peke yake mara nyingi zaidi kuliko anavyolazimika kuificha mbele ya watu, na kwamba kule kuirudia moyoni ndiko kunakoendana na unyonge wake. Nikafuta sura nne, na yule mpiga simu nikamwondoa kabisa.

Sasa mama huyu hatishiwi na mtu. Usiku anasimama jikoni kwake Ntinda akiosha vyombo ambavyo vimekwisha kuoshwa, huku akikumbuka kila fomu aliyowahi kuijaza na kujiuliza iko kabati gani. Sahihi ya dada yake ameitia kwa miaka 20, na mkono hautetemeki tena. Kinachomtisha ni sikio. Siku moja, akipita karibu na stendi ya zamani ya teksi, anasikia mwanamke akimwita mwanawe kwa jina ambalo yeye mwenyewe aliitwa utotoni, na kabla hajafikiri, kichwa kimeshageuka. Hakuna aliyemwona. Lakini kuanzia hapo hauamini tena mwili wake, na kila anapoingia ukumbini anahofia kwamba mtu atalitamka jina lile naye ataitika. Katika yote niliyoandika, hii ndiyo sura ninayoipenda zaidi.

Jambo jingine lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa, nalo linahusu hadhi. Kiswahili kinatumia neno moja, jina, kwa lile tunaloitwa na kwa lile tunalosifiwa au kufedheheshwa kwalo, na mtu akiharibikiwa jina huwa haharibikiwi peke yake. Kijijini kwao siri hii si siri. Mama yake anaijua, mwalimu mstaafu anaijua, na majirani waliochinja ng'ombe siku ya ushindi wanaijua, na wote wamenyamaza kwa sababu jina lile sasa ndilo linalolipa karo za watoto wao na ndilo lililowaletea kisima. Naamini kwamba hadithi inayoifanya siri kuwa mzigo wa mtu mmoja haiwezi kusadikika kwetu. Nililelewa katika kambi ya polisi ya Naguru, ambako baba zetu walitoka Acholi, Teso, Busoga na kwingineko, nasi watoto tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulijua nani amelia usiku, na asubuhi tulimwamkia kwa adabu kana kwamba hatukusikia kitu. Ukimya wa namna hiyo naufahamu kwa Kiswahili, na ndiyo sababu sikufikiria kuiandika kazi hii kwa lugha nyingine.

Mwezi uliopita nilimsomea shangazi yangu kurasa kadhaa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilipomaliza akaniuliza, "Na yule dada mtu, mwanangu, siku hizi anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika zaidi ya kurasa 200 nikimwita dada tu, bila kujiuliza anaishi vipi mtu ambaye jina lake linahutubia bungeni wakati yeye analima muhogo, wala anaombaje kazi ilhali cheti alichokitolea jasho hawezi kukidai bila kumwangamiza ndugu yake wa tumbo moja. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya kweli.

Siku ya 19 nimempa yeye. Amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya elimu ya wilaya, na mkononi ana fomu ya kuomba kazi ya kufundisha, ambayo mstari wake wa kwanza unauliza jina. Nimeiandika sura hiyo mara tatu, na mara zote tatu ameijaza. Leo usiku nitajaribu kumwacha aikunje na kuondoka nayo.