Chokaa na Saruji katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Boti iliyoondoka Dar es Salaam asubuhi ilitufikisha bandari ya Malindi, Unguja, kabla ya adhuhuri, na kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho nikiwa bado sitahani ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ya mbele pamoja na mnara wa saa viliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilikuwa nimelizoea jumba hilo katika picha. Kuona uwazi pale uliposimama mnara kulinitia simanzi kabla sijakanyaga nchi kavu.

Nilikwenda Unguja kwa shughuli moja tu: kuona namna kanuni za uhifadhi wa Mji Mkongwe zinavyofika ukutani, katika nyumba ya mtu wa kawaida, mbali na makaratasi. Historia ya kanuni hizo naijua kwa kiasi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali, familia nyingi zikapangishwa katika jengo moja, na hakukuwa na mtu aliyejiona ana wajibu wa kuziba paa linalovuja. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji, mwaka 1994 ukatoka mpango mkuu wa uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Majengo yanayohusika ni karibu 1,700. Anayetaka kujenga, kubomoa au kubadilisha chochote hapo sharti apate kibali kwanza.

Nilipita Forodhani, nikakata vichochoro hadi Kiponda, ambako bibi mmoja, shangazi wa rafiki yangu, alikuwa akinisubiri barazani. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akaniambia, "Pita ndani, mwanangu, ukaone maradhi ya nyumba hii." Alinipeleka chumba cha chini, akanionyesha dari. Juu yake palikuwa na choo kilichoongezwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa, na maji yake yalikuwa yakishuka taratibu ndani ya ukuta. Fundi aliyekuwepo alipanda ngazi, akagusa kwa patasi ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, na mti ule uliokuwa mgumu kama chuma katikati ukamomonyoka mkononi mwake, ukawa unga wa rangi ya kahawia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vyumba vyote vya mji huu ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi, na nyumba nzima inategemea ncha zile zilizofichwa ndani ya ukuta. Zikioza, sakafu inashuka na kuta zinakosa kinachozishika pamoja.

Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo, wenye unene wa kama nusu mita. Upande mmoja, mpangaji wa zamani alikuwa ameziba ufa kwa saruji. Fundi aliugonga kwa kidole, nikasikia mlio wa utupu. "Saruji inaufunga ukuta, bi mkubwa," alimweleza mwenye nyumba. Unyevu ulioingia ndani haupati pa kutokea. Chokaa ya zamani inalainika nyuma ya lile gamba gumu, mpaka siku moja gamba lote linabanduka na kuondoka na mawe. Aliposhika ukingo wake na kuuvuta, kipande kikubwa kilitoka mzima, na mgongoni mwake palikuwa pamelowa.

Kwa hiyo kanuni inayodai ukarabati ufanywe kwa vifaa vya asili naiunga mkono bila kusita, kwa kuwa inaokoa uhai wa jengo pamoja na sura yake. Lakini inamwelemea mkaazi. Chokaa lazima izimwe kwa maji, ilale shimoni kwa muda mrefu, ichekechwe, ndipo ichanganywe. Saruji inanunuliwa leo na kesho kazi imekwisha. Mikoko nayo inalindwa kisheria, na ni haki ilindwe, ila matokeo yake ni kwamba boriti nzuri imekuwa adimu. Kumwamuru mtu atumie chokaa na boriti bila kumrahisishia namna ya kuzipata, wala kuwalea vijana wanaojua kuzifanyia kazi, ni kumtwika mzigo peke yake.

Alasiri nilitembea hadi Shangani, kwenye jumba la Mambo Msiige, ambalo liligeuzwa hoteli na kuongezewa jengo jipya pembeni, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza wasiwasi wake. Sikukaa sana pale. Kwa maoni yangu, jengo kubwa linapopewa nafasi ambayo nyumba ndogo ya Kiponda isingepewa, mwenye nyumba ndogo anapoteza imani na kanuni nzima, na imani hiyo hairudi upesi.

Niliporudi kwa bibi, fundi alikuwa amekwisha kupiga lipu ya chokaa pale alipobandua saruji, na alikuwa akikusanya vyombo vyake. Alituagiza ukuta usiachwe ukauke haraka, unyunyiziwe maji siku kadhaa, la sivyo utapasuka. Bibi alileta ndoo na fagio la chelewa, akanikabidhi. Nilichovya fagio, nikapiga matone ukutani polepole, kuanzia juu kushuka chini, naye akisimama nyuma yangu akinielekeza mahali nilipoparuka.