Mimi, Jasiri na Trela: Safari Ndefu Bila Msaidizi

Watu wanaponikuta nimeegesha gari lenye trela la kulala nyuma yake, huku abiria wangu akiwa mbwa wangu Jasiri peke yake, swali lao la kwanza huwa ni kama siogopi kulala njiani bila mwenzangu. Hofu hiyo ipo, lakini si ndiyo inayonishughulisha. Kinachonishughulisha ni uhaba wa mikono. Kazi nyingi za safari ya aina hii zinadhani kwamba wapo watu wawili: mmoja kwenye usukani na mwingine nje akielekeza, mmoja ndani ya duka na mwingine kivulini na mbwa. Anayesafiri peke yake hana wa kumwambia "hebu mshike huyu kidogo", na karibu kila utaratibu niliojiwekea unatokana na upungufu huo mmoja.

Tamaa ya kutembea na nyumba yako si ya leo. Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, alitengenezewa gari la starehe la kukokotwa na farasi, akasafiri nalo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, kaskazini mwa Uskoti, na mbwa wake mkubwa aliyeitwa Hurricane Bob alikuwamo. Wapenzi wa karavani, yaani matrela ya kulala, humheshimu kama mwanzilishi wao, nami sina ugomvi na sifa hiyo, ila nakumbuka pia kwamba alikuwa na mwendesha farasi wake na mtumishi wake. Hurricane Bob hakukosa wa kumshika.

Maandalizi huanzia kwenye mizani. Nikishapakia kila kitu, napima uzito wote wa trela, kisha ule unaoielemea ndoano ya gari kupitia mkono wa mbele wa trela. Marekani hushauriwa kwamba uzito huo wa mbele uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, ilhali Ulaya, ambako karavani ni nyepesi zaidi na mwendo wa kukokota ni wa polepole, kiwango cha kawaida ni asilimia 5 hadi 7 hivi. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, trela huwa tayari kuyumba kushoto na kulia mara tu lori kubwa linapolipita au upepo wa ubavuni unapolipiga. Hapo dereva anatakiwa kuondoa mguu kwenye mafuta na kuushika usukani ukiwa umenyooka, na kama gari lina kidhibiti cha breki za trela, azibane hizo peke yake kwa mkono. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu au kuzungusha usukani ili kuufukuza mkia huongeza hatari. Ndiyo maana mfuko wa kilo 15 wa chakula cha Jasiri hauwekwi chini ya kitanda cha nyuma, ingawa huko ndiko kwenye nafasi, bali hukaa sakafuni usawa wa ekseli pamoja na sanduku la vifaa. Maji nayo yana hesabu yake, kwa kuwa tangi la lita 100 likijazwa ni kilo 100, na mahali lilipofungwa ndipo panapoamua upande utakaolemewa.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kulika, kwa sababu trela husimama muda mrefu kuliko linavyotembea. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4 zinazosema umri wake: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi hubadilisha yakikaribia miaka 6 hata kama hayajawa vipara, kwa kuwa kupasukiwa na tairi kando ya barabara kuu, magari yakivuma, mbwa akibweka na hakuna wa kuweka alama ya tahadhari nyuma yako, ni shida inayoweza kuepukwa kwa kusoma tarakimu hizo.

Jasiri husafiri ndani ya gari, kamwe si ndani ya trela. Trela likiwa mwendoni hakuna anayejua hali ya joto ndani yake, milango ya makabati inaweza kufunguka, na mrusho wa huko nyuma ni mkubwa kuliko dereva anavyousikia kwenye kiti chake. Yeye huvaa mshipi wa kifuani uliofungwa kwenye mkanda wa kiti cha nyuma. Kola ya shingoni haifai kwa kazi hiyo kwani breki ya ghafla huupeleka mvuto wote kooni. Chakula chake hukipata saa 3 au 4 kabla ya kuondoka ili asitapike njiani. Kichwa dirishani hapana, hata akinitazama vipi, maana vumbi na wadudu kwenye mwendo wa barabara kuu huumiza macho.

Jambo linalotawala ratiba yangu yote, hata hivyo, ni joto. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo za Selsiasi, hana jasho la kumsaidia isipokuwa kidogo nyayoni, na njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema. Joto la mwili likipita nyuzi 41 hatari ya kiharusi cha joto ni kubwa, na mbwa wa pua fupi huzidiwa mapema kuliko wengine. Gari lililofungwa siku ambayo nje ni nyuzi 24, siku ambayo binadamu huiita nzuri, huweza kufika nyuzi 34 kwa dakika 10 na kupita 40 kwa nusu saa, na kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi mengi. Kwa wasafiri wawili takwimu hizi hazina makali, kwa sababu mmoja anabaki nje na mbwa. Kwangu kila kituo cha mafuta, kila choo na kila dirisha la malipo ni uamuzi. Natia mafuta alfajiri, nachagua vituo ambavyo malipo hufanyika kwenye pampu yenyewe, nanunua mahitaji jua likishapungua, na mahali nisiporuhusiwa kuingia na mbwa huwa napaacha. Yapo makumbusho na magofu mashuhuri ambayo nimeyaona kwa nje tu, nikiwa nimeshika kamba mkononi.

Wengi hudhani kwamba trela linalimaliza tatizo hili, kwa kuwa mbwa anaweza kuachwa ndani yake kiyoyozi kikiwaka. Ni kweli kwa kiasi. Kiyoyozi cha paa huhitaji umeme wa wati 1,000 au zaidi, umeme ambao betri za kawaida za trela haziwezi kuutoa kwa muda wa maana, hivyo kinategemea waya wa umeme wa kambi, na waya wa kambi unaweza kukatika wakati wewe uko kilimani unapiga picha. Nimefunga kipimajoto kinachonitumia ujumbe kwenye simu joto la ndani likizidi kiwango nilichokiweka. Chombo hicho nakipenda, lakini ujumbe haufiki pasipo na mtandao, na hata ukifika haufungui mlango. Kwa hiyo kiyoyozi kikiwa ndicho kinachomlinda Jasiri, mimi siendi mbali kuliko mwendo wa robo saa kwa miguu. Feni ya darini ya volti 12 hutumia umeme kidogo sana, nayo hutosha siku za baridi ya wastani mradi trela liko kivulini. Hapo ndipo penye mvutano wa kudumu, kwani kivuli kinachomfaa mbwa ndicho kinachoinyima jua paneli ya sola inayoizungusha feni. Nilipata nafuu niliponunua paneli ya kukunja inayowekwa chini mwishoni mwa waya mrefu, juani, huku trela likibaki chini ya mti.

Kuhusu lami, ambayo ikipata jua huunguza nyayo za mbwa, nabandika mgongo wa kiganja barabarani kwa sekunde 7. Nikishindwa kuuacha hapo, tunatembea kwenye nyasi.

Kurudi nyuma ndiko kunakoogopwa zaidi na wanaoanza. Mkono ukishika sehemu ya chini ya usukani, trela huelekea kule unakopeleka mkono, na jambo hilo moja huondoa nusu ya mkanganyiko. Nusu inayobaki huondolewa na miguu. Nikifika kambini nashuka, nautembelea uwanja mzima, natazama na juu pia maana matawi hayaonekani kwenye vioo, kisha naweka jiwe jeupe au koni ndogo mahali ninapotaka gurudumu la upande wa dereva lisimame. Najitahidi kuingia kwa upande huo, ambao naweza kuuona kwa macho yangu mwenyewe kupitia dirishani. Nasogea mita chache, nashuka, natazama, napanda tena. Sioni aibu ya kushuka mara nyingi.

Kinachochosha ni wasaidizi wa hiari. Msafiri wa peke yake akianza kurudi nyuma, watu hujitokeza kutoka kila upande, mmoja akipunga mkono wa kushoto, mwingine akipaza sauti "njoo, njoo, njoo", na wote wamesimama mahali ambapo vioo haviwaoni. Jioni moja mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu alikuja kwa kasi ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba sitaweza. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Hapa nitajitahidi, ila nisaidie kusimama karibu na dirisha la mbwa umliwaze, maana akibweka nashindwa kusikia." Akaitikia marahaba, akaenda dirishani, akaanza kumsimulia Jasiri mambo ya matrela aliyowahi kuyaendesha. Nilimaliza kwa utulivu, na tangu siku hiyo kila anayetaka kunielekeza nampa kazi hiyo hiyo.

Jasiri hatoki garini mpaka trela litulie kabisa. Utaratibu wangu haubadiliki hata mvua ikinyesha: nasawazisha kwanza ubavu kwa ubavu kwa kupandisha gurudumu moja juu ya ubao, naweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, ndipo nalifungua trela kutoka kwenye gari, nalisawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu la mbele, na mwisho nashusha miguu ya pembeni inayolitegemeza trela. Mbwa aliye huru wakati kazi hizi zinaendelea hujipenyeza mahali pabaya kuliko pote, na mwenye trela hana jicho la ziada la kumfuatilia.

Miguu hiyo ya pembeni ina faida ambayo sikuwahi kuiona imeandikwa katika kitabu chochote cha maelekezo. Sakafu ya trela lisilotegemezwa hutikisika kila mtu anapopiga hatua, na kwa mbwa jambo hilo ni la kutisha. Jasiri alikuwa akisimama mlangoni, kucha zikiteleza kwenye sakafu laini, mkia umeingia katikati ya miguu. Zulia la mpira pamoja na miguu iliyokazwa vyema vilimbadilisha siku ile ile. Ngazi ya chuma chenye matundu, ambayo nyayo zake zilikuwa zikiikataa, niliifunika kwa kipande cha zulia. Jina lake halimsaidii mbele ya pampu ya maji, lakini. Kila ninapofungua bomba nayo ikaanza kunguruma chini ya sinki, Jasiri huhamia kitandani na kunitazama kama mtu aliyesalitiwa.

Usiku, mbwa hulala sakafuni, na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na kifaa cha kuigundua hufungwa karibu na sakafu kwa sababu hiyo. Nakijaribu kabla ya kila safari, nafunga mtungi nikiwa mwendoni, na kifaa cha kugundua kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kina betri yake tofauti. Ama kuhusu ulinzi, ambao ndio kila mtu hudhani ni sababu ya kuwa na mbwa, Jasiri hubweka kwa bidii ile ile akisikia mwizi, paka au tunda lililodondoka juu ya paa, na mimi huamka kwa yote.

Yapo pia maswali ya karatasi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo inayoulizwa kwanza mipakani, na mpangilio wa tarehe una maana yake: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka chipu, yaani kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, iwekwe kabla ya chanjo au siku hiyo hiyo, kisha siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza kabla ya mbwa kusafiri. Anayepanga safari aanze na daktari wa mifugo, halafu ndipo achague barabara.

Liko suala ambalo hakuna kifaa kinacholimaliza: mimi nikiugua au nikipata ajali, nani atamchukua? Watu wawili wana jibu tayari. Mimi nimeandika kadi mbili, moja kwenye pochi pamoja na leseni, nyingine kwenye kioo cha mlango wa trela kwa ndani, zinazosema kwamba nasafiri na mbwa, jina lake ni Jasiri, anameza dawa gani na ni nani wa kupigiwa simu. Dada yangu amekubali kuwa mtu huyo, naye ana nakala ya cheti cha chanjo na funguo ya akiba ya trela. Kila jioni namtumia ramani ya mahali nilipo na saa ninayotarajia kuondoka. Nisipomtumia, anapiga yeye. Chipu ya Jasiri imebeba namba ya tarakimu 15 tu, na majina na simu vinakaa kwenye rejista, kwa hiyo namba ya dada nayo nimeisajili huko, chini ya yangu.