Siku moja na furu wa Mwanza

Saa 11 alfajiri. Nahodha keshafika mwaloni kabla yangu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Leo tena furu?" Hajawahi kuelewa mtu mzima anaamkaje kufuata samaki asiyetosha kitoweo cha mtoto, na sangara wamo Ziwa Victoria.

Saa 1 asubuhi, kisiwa cha Makobe. Nashusha kwa kamba sahani ya kupimia maji, robo nyeupe robo nyeusi, mpaka inapotea machoni. Imepita mita 2. Maji safi.

Kwenye miamba, ndoano zinatoa madume wa aina mbili. Wa maji ya juu ni samawati, Pundamilia pundamilia. Wa chini kidogo ana mgongo mwekundu: Pundamilia nyererei, jina la Mwalimu. (Pundamilia ni jina la kisayansi ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa, milia iko pale pale ubavuni.) Majike wote wamepauka, na mimi bado nawachanganya. Wao kwa wao hawachanganyikiwi. Kila jike humfuata dume wa rangi ya kwao.

Na hapa ndipo ninapopapenda. Kati yao hakuna mlima wala nchi kavu. Wakizaliana, watoto wanakua na wanazaa, si kama nyumbu, yule chotara wa farasi na punda, anayebaki tasa. Kinachowatenga hawa hasa ni jicho. Mwanga wa samawati hauendi mbali katika maji haya. Chini hubaki mwekundu na manjano, na jicho la furu wa kule limezoea wekundu. Maabarani, watafiti walipowasha taa inayoficha tofauti ya rangi, majike wa nyererei waliacha kubagua. Ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena mamia ya aina za furu wamegawanyika humu.

Saa 6 mchana. Kula, kulala kidogo kwenye boti.

Saa 8 mchana, kisiwa cha Luanso. Sahani inapotea kabla ya mita 1. Udongo wa mashambani, maji taka, mwani. Dume wa kwanza ananichoma kidole kwa miiba ya mgongoni. Namgeuza juani: mgongo si mwekundu, si samawati, ni rangi ya kutu, na pezi la juu lina wekundu uliofifia ukingoni. Mzee anachungulia. "Huyu chotara, mwanangu." Wa pili vile vile.

Saa 10 jioni. Jike mmoja kavimba kidevu. Mayai yamo mdomoni, anayaatamia. Namrudisha upesi kabla hajayatema. Baba wa mayai hayo simjui.

Saa 2 usiku. Nahamisha hesabu. Fomu niliyopewa ina safu mbili: nyekundu, samawati. Ya tatu, "katikati", niliichora mwenyewe kwa kalamu pembezoni. Kwa Makobe iko tupu. Kwa Luanso imejaa, nageuza karatasi nyuma.