Poka ya mtandaoni huibiwa, ila si kwa programu unayouziwa

Vijana wanaokuja kwenye kibanda changu cha ufundi wa simu, Makoroboi, Mwanza, huanza na shikamoo anti, kisha wanainama kidogo kwenye meza ya kazi na kuuliza kwa sauti ya chini: je, kuna programu ya kuona karata za wenzako kwenye poka ya simu, ule mchezo wa karata wa pesa? Wengine hawaulizi. Wanaleta simu inayochemka na kumaliza chaji, programu yenyewe ikiwa ndani tayari.

Mimi si mchezaji. Karata ninazozijua ni za Kirumba, albastini na last card, za kuchekana. Lakini kazi yangu ni kujua nini kinapita wapi ndani ya mashine, na kwa upande huo swali la vijana lina jibu. Ndiyo, poka ya mtandaoni imeshaibiwa, tena kwa ushahidi. Muhimu ni kuangalia aliyeiba alikuwa amekaa wapi.

Anza na kuchanga karata. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi mno, idadi yake ina tarakimu 68. Kompyuta haina mikono ya kuchanga, kwa hiyo inachukua namba moja ya kuanzia na kuitumia kukokotoa mpangilio wote. Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software, iliyotengeneza mfumo wa poka uliotumiwa na tovuti kadhaa, ilianika hadharani namna yake ya kuchanga ili wachezaji waiamini. Wataalamu wa Reliable Software Technologies, Marekani, wakaisoma na kukuta namba ya kuanzia inatokana na saa: milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, zilizopita tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Walipolinganisha saa yao na ya seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha mchezo, yakabaki kama makisio 200,000, na hayo kompyuta ya wakati ule iliyamaliza papo hapo. Ukishajua karata zako mbili za siri na tatu za mezani zinazoonwa na wote, programu inakuambia kila mtu ameshika nini na karata gani inafuata. Hawakuiba, walitangaza. Kwa fundi hii ndiyo hadithi tamu kuliko zote, maana hapakuwa na mlango uliovunjwa, hesabu tu.

Zilizofuata ni za aibu. Mwaka 2007, kwenye tovuti ya poka ya Absolute Poker, mchezaji aliyejiita Potripper alichukua shindano kwa kufanya mambo ambayo mtu mwenye akili zake hafanyi. Mwenzake aliweka chipu zote, yaani pesa zake zote za mezani, naye akafuata ilhali karata yake kubwa ni kumi tu, hana hata jozi. Na akashinda, maana karata kubwa ya mwenzake ilikuwa tisa. Aliyeshindwa akaomba kumbukumbu za mchezo. Kampuni ikamtumia faili la Excel ambalo, sijui kwa bahati ya nani, lilikuwa na karata za wachezaji wote na orodha ya waliokuwa wakitazama meza. Wachezaji wakalichambua wenyewe. Mle wakakuta akaunti moja ya mtazamaji iliyoingia mwanzoni, na kabla haijaingia Potripper alikuwa akicheza kama watu wengine. Akaunti ile ilikuwa ya ndani, yenye uwezo wa kuona kila kitu. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake, Kanada, iliyowapa leseni, iliwatoza faini ya dola 500,000.

Kwa UltimateBet, tovuti nyingine ya poka, ilikuwa mbaya zaidi. Tume hiyohiyo ilimtaja Russ Hamilton kuwa mhusika mkuu wa wizi wa zaidi ya dola milioni 22, uliodumu kuanzia 2004 hadi mwanzoni mwa 2008. Huyu ni bingwa wa dunia wa poka wa 1994, mwaka ambao mshindi alipewa, juu ya dola milioni moja, madini ya fedha (silva) yenye uzito sawa na mwili wake.

Pale Mwaloni, sokoni kwa dagaa na sangara, hakuna anayelala akiwaza mwizi wa usiku atakayekuja kuchezea mizani. Anayeangaliwa ni mwenye mizani.

Mahali pa kwanza anapokaa mwizi, basi, ni ndani ya kampuni; pa pili ni ndani ya kifaa chako mwenyewe. Mwaka 2013 mchezaji wa Finland, Jens Kyllönen, alikuwa Barcelona kwenye mashindano. Laptopu yake ikapotea chumbani hotelini, kisha ikarudi mahali pake. Akaipeleka kwa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, nao wakakuta imepandikizwa programu ya kumwezesha mtu wa mbali kutazama skrini yake. Miaka miwili baadaye ESET, kampuni nyingine ya kazi hiyo, ikatangaza kirusi walichokiita Odlanor: ukifungua programu za poka za PokerStars au Full Tilt Poker, kinapiga picha ya skrini yako na kuituma, pamoja na jina lako la mchezo. Mwizi anakutafuta kwa jina hilo, anakaa meza yako, anacheza akiziona karata zako. Na kirusi hicho kilijificha, pamoja na mambo mengine, ndani ya programu za kusaidia kucheza poka. Yaani mtego uliwekwa palepale anapopita mwenye tamaa ya njia ya mkato.

Ndiyo maana nikiletewa simu yenye hiyo "programu ya kuona karata" sishangai nikikuta imepewa ruhusa ya kusoma SMS na ruhusa ya ufikivu, ambayo inaisomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Karata za wenzako haziwezi kuonekana hapo kwa sababu hazipo kwenye simu yako. Seva inakutumia zako na za mezani, basi. Kilichopo kwenye simu yako ni wewe: ujumbe wa pesa, namba za uthibitisho, picha. Kijana mmoja alikuwa amemlipa muuzaji wa Telegram shilingi 50,000 kwa hiyo kazi, halafu anashangaa salio linapungua bila yeye kugusa kitu.

Kuna tukio moja linalonipunguzia kiburi cha kusema "haiwezekani kabisa" kwa mtu wa nje. Desemba 2023, kwenye tovuti ya poka ya GGPoker, mchezaji aliyejiita Moneytaker69 aliichezea programu ya kwenye kompyuta yake. Hakuziona karata, ila alipata taarifa iliyomwezesha kukadiria nafasi yake ya kushinda, kwa sababu programu ile ilikuwa inapokea zaidi ya inavyostahili. Kampuni ikaziba tundu na kumnyang'anya dola 29,795. Mtu aliyeweza hivyo hakuuzii ujuzi wake kwa elfu hamsini.

Na wizi wa kila siku hauhitaji kudukua chochote. Watu watatu wamekaa chumba kimoja, simu tatu, meza moja, wanaambiana karata, wewe wa nne uko Igoma unadhani unacheza na wageni. Au unayecheza naye si mtu: mwaka 2019 programu ya Pluribus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita, na gharama ya kompyuta za kuifundisha haikufika dola 150. Kampuni za poka zinawawinda hao wote. Wanaokamatwa ni wengi, ila nani anawahesabu ambao hawajakamatwa?

Kusafisha simu nafanya kwa elfu tano, picha zako nakuhifadhia kwanza. Namba ya siri ya pesa ubadilishe mwenyewe, nikiwa nimegeuka.